Mdomo wa Rubani, Pingu za Polisi

Habari ya ajali ya basi nchini Tanzania ina muundo wake, na msomaji wa magazeti anaujua kwa moyo. Basi limeacha njia, au limegongana uso kwa uso na lori. Waliokufa ni kadhaa, majeruhi wamelazwa hospitali ya wilaya. Kamanda wa polisi wa mkoa amethibitisha, na kabla jua halijazama ameshataja chanzo: mwendo kasi na uzembe wa dereva. Mstari wa mwisho nao haubadiliki, miaka nenda miaka rudi: dereva alitoroka mara baada ya ajali na anasakwa.

Mstari huo wa mwisho ndio unaonishughulisha. Aliyekuwa ameshika usukani ndiye shahidi wa kwanza. Yeye ndiye aliyehisi breki zikilegea au usingizi ukimchukua. Anajua gari lilipelekwa gereji lini mara ya mwisho na tajiri alimwambia nini kuhusu muda wa kufika. Naye yuko porini. Hakukimbia kwa kuwa ana roho mbaya kuliko sisi. Amekimbia kwa kuwa anajua kinachomsubiri, kuanzia wananchi wenye mawe hadi mahabusu. Akikamatwa atasema kile tu alichoshauriwa na wakili, na ana haki hiyo. Jalada litafungwa, na kona iliyoua itabaki kona ileile.

Sasa twende Bukoba. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi waliwahi na mitumbwi yao, na watu 24 wakatoka hai. 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Vijiweni hukumu ilitoka kabla ndege haijavutwa ufukweni. Mmoja aliuliza kwa nini rubani hakugeuza kwenda Mwanza, mwingine akaulaumu uwanja, wa tatu akalaumu umri wa ndege. Lakini kazi ya kutaja chanzo haikuwa ya kamanda wa mkoa. Ilikuwa ya wachunguzi wa ajali za ndege, ambao kwa taratibu zao hutoa ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho hupewa muda wa mwaka mzima, wakati mwingine zaidi.

Kwa nini angani tunasubiri mwaka na barabarani hatuwezi kusubiri hata jioni? Wengi hudhani ni heshima ya sare na mabega yenye mistari, kwamba rubani ni mtu wa tabaka lake na dereva ni wetu wa kila siku. Lipo kidogo la ukweli hapo. Ila sababu kubwa ni hesabu, na hesabu hiyo ililipiwa kwa damu.

Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944 ndio unaotawala usafiri wa anga wa kiraia duniani. Kiambatisho chake cha 13, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, kinasema lengo pekee la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine. Kugawa lawama au dhima si kazi ya uchunguzi huo. Kwa hiyo sauti zilizonaswa katika chumba cha marubani, pamoja na maelezo waliyoyatoa mashahidi mbele ya wachunguzi, havipaswi kugeuzwa ushahidi wa jinai kiholela. Mahakama haikufukuzwa. Imeambiwa ijitafutie ushahidi wake kwa njia zake, isinyang'anye daftari la mchunguzi.

Atakayeona hilo ni upendeleo na asikilize kisa cha Virginia. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA aina ya Boeing 727 ilikuwa inakwenda Washington. Upepo ukaifanya ielekezwe uwanja wa Dulles. Mwongoza ndege akairuhusu ianze kuusogelea uwanja. Kwake yeye, ruhusa ile ilimaanisha marubani wafuate ramani yao, na kwenye suala la kimo wajihadhari wenyewe. Marubani walielewa kwamba njia ni nyeupe na wanaweza kushuka hadi futi 1,800. Humo ndani walijadiliana, kwa kuwa ramani ilionyesha kimo cha futi 3,400 kwa eneo lile, lakini wakahitimisha kwamba ukisharuhusiwa, umeruhusiwa. Mbele yao, ndani ya wingu, kulikuwa na mlima. Watu wote 92 walikufa.

Kinachouma ni kilichotangulia. Wiki chache kabla, marubani wa shirika la United walikuwa wamelielewa neno lilelile vibaya, wakielekea uwanja uleule, na wakaukosa mlima uleule kwa umbali mdogo. Kuteleza si kuanguka. Walifika, wakashuka, wakaeleza yaliyowapata kwa kuwa shirika lao lilikuwa limeanza utaratibu wa kupokea taarifa bila kumwadhibu mtoa taarifa. United ikawaonya marubani wake. Onyo halikuvuka mlango wa shirika. Habari iliyoweza kuwaokoa watu 92 ilikuwa imeshaandikwa, ila ilikuwa nyumba ya jirani.

Mamlaka ya anga ya Marekani ilijaribu kurekebisha hapo hapo, ikatangaza mwaka 1975 kwamba rubani atakayeripoti kosa lake hataadhibiwa. Marubani walisita. Mamlaka hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwafungia leseni. Ni nani anakwenda kuungama kituo cha polisi kwa kuahidiwa kwamba leo askari amevaa kiraia? Ndipo mwaka 1976 kazi ikakabidhiwa NASA, wakala wa anga za juu usio na mamlaka ya kumnyang'anya yeyote leseni. Rubani, mhudumu, fundi au mwongoza ndege anaandika kilichotokea ndani ya siku 10. Kipande chenye jina lake hukatwa na kurudishwa kwake mwenyewe. Kinachobaki ni kisa kisicho na mwenyewe, ambacho kila shirika linaweza kukisoma. Mwenye kuripoti haponi kila kitu. Ajali yenyewe haimo katika kinga hiyo, wala jinai, wala jambo la makusudi. Hata hivyo taarifa zilizopokelewa tangu hapo zinahesabiwa kwa mamilioni.

Mimi naona huo ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa usafiri wa anga, na hauna hata parafujo moja. Watu huisifu injini na rada. Wachache huisifu bahasha.

Lakini bahasha nayo lazima ifunguliwe na mtu. Tarehe 31 Januari 2001, ndege 2 za Japan Airlines zilinusurika kugongana zikiwa na jumla ya watu 677. Mwongoza ndege aliyekuwa mafunzoni alichanganya namba za ndege na kumwambia rubani ashuke. Wakati huohuo mashine ya kuzuia migongano iliyomo ndani ya ndege hiyo ilikuwa inamwambia apande. Rubani alimtii binadamu. Abiria kadhaa waliumia, hakuna aliyekufa. Japani ikapeleka suala hilo kwa shirika la kimataifa la usafiri wa anga: mashine na mwongozaji wakipingana, nani asikilizwe? Jibu lisilo na utata lilikuwa bado halijaandikwa ilipofika usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani. Ndege ya abiria kutoka Urusi ilimsikiliza mwongozaji na kushuka. Ndege ya mizigo ikaisikiliza mashine, nayo ikashuka. Watu 71 wakafa, wengi wao watoto waliokuwa wanakwenda likizo Hispania.

Angalieni kila kesi ilivyomalizika mahakamani. Japani, mwongozaji na msimamizi wake walitiwa hatiani, na mahakama ya juu ikalithibitisha hilo mwaka 2010. Kwa upande wa Überlingen, mwongozaji aliyekuwa zamu alikuwa anahudumia vituo viwili peke yake, mwenzake akiwa mapumzikoni na simu zikiwa kwenye matengenezo. Mwaka 2004 baba aliyepoteza mke na watoto wawili alimfuata nyumbani kwake Uswisi na kumuua kwa kisu. Baadaye ndipo wakubwa wa kampuni iliyomwajiri, walioruhusu zamu ya mtu mmoja, wakahukumiwa. Hasira ya binadamu hutafuta sura ya mtu, na sura iliyo karibu daima ni ya yule aliyekuwa na kipaza sauti mkononi. Ratiba ya zamu haina sura.

Jeshini jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu anayehukumu ndiye anayemiliki ndege na ndiye anayeamuru irushwe. Tarehe 2 Juni 1994 helikopta aina ya Chinook ya Jeshi la Anga la Uingereza iliondoka Ireland Kaskazini kwenda Fort George, Scotland. Ilibeba abiria 25, maofisa wa upelelezi wa polisi, wa jeshi na wa idara ya usalama wa ndani, pamoja na wafanyakazi 4 wa helikopta. Kwenye rasi ya Mull of Kintyre, ndani ya ukungu, iligonga mteremko wa mlima. Hakupona hata mmoja. Kwa pigo moja Uingereza ilipoteza vichwa vilivyobeba siri nyingi za vita vyake dhidi ya wapiganaji wa IRA wa Ireland Kaskazini, na nchi ikataka jibu.

Helikopta haikuwa na kinasa sauti wala kinasa data. Bodi ya uchunguzi haikuthubutu kuwatia hatiani marubani. Makamanda wawili waliopitia ripoti ile walithubutu: mwaka 1995 waliandika kwamba marubani wote wawili walikuwa na uzembe uliokithiri. Kanuni ya jeshi hilohilo ilisema rubani aliyekufa asitamkiwe uzembe mpaka pasiwepo shaka yoyote, ya aina yoyote. Na shaka ilikuwepo. Toleo lile la Chinook lilikuwa jipya, programu ya kompyuta inayodhibiti injini zake ilikuwa inatiliwa mashaka, na marubani wa majaribio wa wizara yenyewe siku hizohizo walikuwa wamesita kuendelea kulirusha.

Familia zilipigana miaka 16. Walikuwa nao marubani wenzao, wabunge, na waandishi ambao hawakukubali kuchoka. Uchunguzi wa Scotland haukuona uthibitisho wa uzembe ule, kamati ya Bunge la Mabwana ikasema hukumu haikustahili, na wizara ikashikilia pale pale. Julai 2011, baada ya jaji mstaafu kupitia majalada yote upya, serikali iliifuta hukumu na kuomba radhi. Chanzo hakijulikani hadi leo, na hayo ndiyo majibu yaliyopaswa kutolewa mwaka 1995. Maneno "hatujui" ni magumu sana kuyatamka mtu akiwa na nyota begani.

Kuna jambo katika Mkataba wa Chicago ambalo wasomaji wetu wanapaswa kulijua. Ibara ya 3 inasema mkataba hauhusu ndege za dola, na inazitaja: za jeshi, za forodha, za polisi. Yaani ndege ambazo wamiliki wake wana uwezo mkubwa zaidi wa kunyamazisha watu ndizo ambazo utaratibu wa kimataifa wa uchunguzi huru haulazimiki kuzigusa. Kenya imelipa gharama hiyo kwa njia ya uvumi. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka Ngong na kuwaua waziri wa usalama George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode, marubani wawili na walinzi wawili. Ikabidi iundwe tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, maana hakuna ambaye angeamini polisi wakichunguza ndege ya polisi. Tarehe 18 Aprili 2024 ikaanguka helikopta ya jeshi huko Elgeyo Marakwet, na Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita, akafa pamoja na wenzake 9. Safari hii jeshi lilijichunguza. Mitaani watu hawakungoja: kila mwenye simu alikuwa na nadharia yake. Uvumi hauzuiwi kwa onyo la polisi. Unazuiwa na mchunguzi ambaye mtu wa kawaida hana sababu ya kumshuku.

Nisije nikaonekana wakili wa marubani. Wao nao ni watu wa chama, na chama hulinda wanachama. Tena ukimya unaoua mara nyingine hautokani na polisi hata kidogo. Unazaliwa mle mle ndani, kati ya viti viwili.

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Cameroon, mvua ya radi ikiwa karibu, bila kungoja ruhusa ya mnara. Muda mfupi baadaye rubani mkuu alitamka kwamba uendeshaji wa kompyuta umewashwa. Haukuwashwa. Ndege ikaanza kulalia kulia kidogo kidogo, hakuna aliyeishika, na gizani mwili wa binadamu haujui kwamba unainama. Rubani alipogundua alipapatika na kuizidishia mwinamo. Ilianguka kwenye mikoko, umbali wa chini ya kilomita 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, na ilichukua takriban siku mbili kuiona. Watu 114 walikufa. Ripoti ya Cameroon haikuishia kwenye mikono ya rubani. Iligusa tabia: rubani mkuu mwenye sauti, msaidizi mpole mbele yake, na dosari zilizokuwa zimeonekana katika mafunzo huko nyuma.

Kwetu husemwa mkubwa ni jalala, yaani hubeba takataka zote za wadogo zake, lawama na malalamiko. Katika maisha ya kila siku methali hiyo tumeigeuza: mkubwa hatupiwi kitu. Mafunzo ya marubani ya leo yanarudisha maana ya asili, kwamba msaidizi anayeona kosa lazima aseme, tena aseme kwa sauti, na asiposikilizwa achukue usukani. Lakini utamfundishaje kijana kusema "mzee, umekosea" saa 6 za usiku, ikiwa amekua akiona kila anayemwambia mkubwa hivyo anapotea kazini?

Wapo pia wenye kukusudia, na hao ni wa polisi. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings alimfungia nje mwenzake na kuibamiza ndege kwenye milima ya Alps, Ufaransa, akiua watu 150 pamoja na yeye mwenyewe. Siku mbili tu baadaye mwendesha mashtaka wa Marseille aliwasimulia waandishi yaliyosikika kwenye kinasa sauti. Vyama vya marubani vililalamika kwamba kanuni imevunjwa. Nadhani safari hii vilikosea kipaumbele: ilikuwa jinai, na ndugu wa marehemu walikuwa na haki ya kujua. Lililonigusa ni vyeti vya daktari vilivyokutwa nyumbani kwake, vimechanwa. Alikuwa mgonjwa wa akili na aliuficha ugonjwa, akijua kwamba siku mwajiri atakapoujua hatarusha ndege tena. Hata muuaji huyu alianzia kwenye lilelile la kufunga mdomo.

Na kusema peke yake hakutoshi. Usiku wa tarehe 29 Januari 2025 helikopta ya jeshi la nchi kavu la Marekani na ndege ya abiria iliyotoka Wichita ziligongana karibu na uwanja wa Reagan, Washington, zikazama mto Potomac na watu 67. Kesho yake, miili bado inatafutwa, rais alikuwa ameshapata chanzo: sera za ajira za waliomtangulia. Kamanda wetu wa mkoa asijione peke yake. Wachunguzi walipokuja kusema, walisema jambo ambalo halifai kwa hotuba. Kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024, ndege za abiria na helikopta zilikuwa zimesogeleana kupita kiasi mara 15,214 katika anga ileile, na 85 kati ya hizo zilikuwa za karibu mno. Takwimu zilikuwepo, zimekusanywa, zimehifadhiwa. Marubani wa pande zote mbili walikuwa wakililalamikia eneo hilo miaka mingi. Walisema, na hakuna aliyekuwa ameajiriwa kusikia.

Kwa hiyo ukiniuliza polisi wana nafasi gani katika ajali, nitasema wanayo, na ni nyembamba kuliko wanavyoijaza. Mlevi na akamatwe. Mwenye leseni ya kughushi na ashitakiwe, pamoja na aliyempa. Aliyekusudia hana pa kukimbilia. Aliyekosea akiwa kazini, akiwa amechoka au amedanganywa na kifaa, aende kwanza kwa mchunguzi asiye na pingu, na atakayoyasema pale yasimfuate mahakamani.

Barabarani hatuna mchunguzi wa aina hiyo anayejulikana kwa abiria. Tuna trafiki, ambaye siku moja anapima tepu, anataja chanzo na kuandika mashtaka, yote kwa kalamu ileile. Kuunda chombo kingine kunahitaji sheria na fedha, na Bunge litachukua muda wake. Lakini kuna jambo linaloweza kuanza na ajali ijayo bila senti moja. Kamanda asimame mbele ya kamera, ataje idadi ya waliokufa, ataje hospitali walikolazwa majeruhi, ataje namba ya simu ya ndugu kuulizia. Akiulizwa chanzo, ajibu kwamba kinachunguzwa, kisha anyamaze.